Dayari Zinazokufa Mwezi wa Tatu

Wifi yangu ana ugonjwa wa kuuliza. Nasema ugonjwa kwa sababu nimeishi naye nyumba moja miaka ishirini na moja, yeye na kaka yangu upande wa uani, mimi na cherehani yangu chumba cha mbele, na sijaona dawa iliyomfaa. Siku kaka alipomleta kumtambulisha, tulikuwa tumejipanga kwenye viti kama watu wa kupigwa picha. Mgeni akasalimia vizuri, akakaa, akanywa chai nusu kikombe, kisha akamgeukia mama na kumuuliza kwa adabu zote kwa nini pale mlangoni kulikuwa na viatu vitatu vya mguu wa kushoto. Hakuna kati yetu aliyewahi kuliona hilo. Jioni nzima ikaishia kutafuta vya kulia. Baba alisema binti huyu ama atatufaa sana ama atatumaliza, na mpaka leo sijajua ni lipi.

Kazini walimwita Dada Kwanini. Alikuwa mpokezi kwenye kliniki ya meno kwa miaka kumi na tisa: kupokea simu, kupanga nani aje lini, na kuwatuliza watu waliokuwa wakitetemeka kwenye benchi. Aliwatuliza kwa maswali. Jino lilianza kuuma ukila nini? Unalalia upande gani? Nani kwenu mwenye meno mazuri? Mtu akishughulika kujibu husahau kuogopa, na daktari alikuwa akiwapokea wamelainika. Kitabu cha miadi alikitengeneza mwenyewe kila mwisho wa mwaka, kwa rula na kalamu, maana vya dukani vilikuwa na mistari midogo isiyotosha majina ya watu.

Kisha daktari akanunua kompyuta ya kupangia miadi. Dada Kwanini akaambiwa asante kwa utumishi wake na kukabidhiwa saa ya ukutani. Kaka alitaka kuitundika sebuleni. Wifi akaitoa betri, akaitia kwenye redio, na saa yenyewe akaisukuma chini ya kitanda.

Wiki mbili alikaa bila kuuliza kitu, nikaanza kuingiwa na hofu. Halafu asubuhi moja akaja kusimama mbele ya cherehani yangu.

"Wifi, ile dayari uliyopewa na duka la vitambaa mwaka juzi, ulifika nayo wapi?"

Nilimjibu kuwa sikufika nayo popote, ilikuwa kwenye droo, chini ya vifungo. Akaomba aione. Akasema hatasoma, anaangalia wino tu. Nilimpa ili anipishe nifanye kazi, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza.

Baada ya hapo alizunguka mtaa mzima. Aliingia kwa kinyozi, kwa fundi bomba, kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kwa wauguzi wawili wa zamani wa kliniki, akiomba dayari za miaka iliyopita. Ajabu ni kwamba walimpa. Watu wanaoficha simu zao hata mbele ya wake zao walikwenda chumbani, wakapangusa vumbi, wakamkabidhi mwaka wao mzima mlangoni. Ndani ya miezi miwili alikuwa na dayari thelathini na moja, na alizitandaza kwenye sakafu ya chumba changu cha mbele, juu ya kitambaa cha mapazia cha mteja.

Nilifoka. Nilimwambia mimi nafanya biashara, sifanyi makumbusho. Hakunisikia. Alikuwa amepiga magoti, anafungua dayari moja baada ya nyingine, anatafuta tarehe ya mwisho iliyoandikwa na kuchomeka hapo kipande cha karatasi. Alipomaliza aliniita, nikaja nimekunja uso, na nilipotazama chini, nikachuchumaa kando yake. Dayari zilikuwa za ukubwa tofauti, rangi tofauti, miaka tofauti, za watu wasiojuana, lakini vile vipande vilikuwa vimechomoza vyote karibu mahali pamoja, mbele mbele, kabla ya robo.

"Zinakufa mwezi wa tatu," alisema. "Kati ya tarehe saba na ishirini. Kwa nini?"

Sasa huyo ndiye wifi yangu. Mtu mwingine angesema watu ni wavivu, akaenda zake kupika. Yeye alirudi kwa wenyewe, mmoja mmoja, kuwauliza ilikuwaje. Fundi bomba alimweleza kuwa saa zilizochapwa kwenye kurasa zilimchosha. Kitabu kinasema saba, yeye na wateja wake wanasema saa moja, kila siku anakata na kuandika zake pembeni, mwisho akachoka kugombana na kitabu. Kinyozi alikuwa ameanza dayari yake kwa nyuma, kutoka Desemba kurudi, na hakuweza kueleza kwa nini. Wengi walitoa sababu za juu juu: shughuli, safari, kalamu kuisha. Wifi hakuridhika. Aliwakalia mpaka wakasema la moyoni, na la moyoni lilikuwa moja. Mtu aliugua wiki, au alipata mgeni, au alikata tamaa kidogo tu, akaacha kuandika. Aliporudi akakuta kurasa saba nyeupe zinamtazama. Akaona aibu. Akaifunga ili asizione, na hakuifungua tena.

"Wanaionea haya karatasi," wifi aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. "Mtu mzima, ana watoto, anaionea haya karatasi."

Hapo ndipo alipoamua kutengeneza ya kwake. Hakuiita dayari, aliiita daftari la mwaka. Alitaka kila siku iwe na ukurasa wake, mdogo, ili hata mtu akiandika mistari miwili uonekane umeshiba. Hakuweka saa. Aligawa ukurasa sehemu tatu, asubuhi, mchana, jioni, na kila mtu ajaze saa zake anavyozisema mwenyewe. Na chini ya kila Jumamosi aliweka mstari mmoja wa herufi ndogo: *Ulipotea? Hamna neno. Karibu, endelea na leo.* Kaka alicheka sana. Alisema hajawahi kuona daftari linalomkaribisha mtu ndani kama mwenye nyumba. Wifi alimuuliza kwa nini lisimkaribishe.

Nakala ya mfano aliiandika kwa mkono, mezani kwangu, tarehe kwa tarehe, rula kushoto na chai kulia. Ilikuwa raha kumtazama. Alitazama kalenda mara moja tu, kujua mwaka unaanza na siku gani, kisha mkono ukaenda wenyewe. Januari, Februari, Machi, hasiti, hafuti. Nilimwambia apunguze mwendo. Alinijibu kuwa kazi hiyo ameifanya mara kumi na tisa na angeweza kuifanya akiwa amefumba macho.

Mpiga chapa tuliyempata alikuwa na chumba kirefu chembamba nyuma ya duka la rangi, kimejaa karatasi mpaka darini, na ukiingia unatembea kiubavu. Ni mzee mkimya, mwenye mashine moja ya kuchapa na moja ya kukatia karatasi ambayo haruhusu mtu aisogelee. Wateja wake huleta kadi za mialiko na vitabu vya stakabadhi, husema wanataka lini, huondoka. Wifi alileta maswali. Karatasi hii inakunjika vizuri upande huu na upande ule inavunjika, kwa nini? Wino huu ukishikwa na jasho unafutika? Mzee alivua miwani, akamtazama, akasema kwa miaka yote ya kazi hajaulizwa upande wa karatasi na mteja. Kuanzia siku hiyo wakawa marafiki, na mimi nikawa mtu wa kusubiri kwenye kibao cha mlangoni.

Alitufundisha kuwa karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu inatoa kikunjo cha kurasa kumi na sita. Vikunjo ishirini na tatu ni kurasa mia tatu sitini na nane. Wifi alifurahi mno, maana hesabu ilikaa sawasawa: siku za mwaka mia tatu sitini na tano, ukurasa wa jina, ukurasa wa namba muhimu, na ukurasa wa mwisho wenye namba yake ya simu kwa mwenye maoni. Hakuna hata upande mmoja unaopotea. Kushona vikunjo niliachiwa mimi, kwa uzi uliopakwa nta na sindano nene, na majalada tuliyavika mabaki ya vitambaa vyangu vya mapazia, hivyo hakuna madaftari mawili yaliyofanana.

Kabla ya kuchapa, mpiga chapa alileta nakala ya kusahihisha. Tuligawana. Kaka alipewa miezi minne ya kwanza, mimi minne ya katikati, wifi akachukua ya mwisho. Nakiri hapa mbele ya kila mtu kwamba miezi yangu niliipitia huku nasikiliza redio, na kulikuwa na mchezo mzuri. Niliweka alama ya vyema kila ukurasa. Mpiga chapa aliuliza jambo moja tu: mwishoni, baada ya namba ya simu, kuna upande umebaki mtupu, auache? Wifi alikuwa anachagua rangi ya utepe. Alisema auache, watu wanapenda nafasi. Mwanamke aliyeuliza habari za viatu vya wakwe zake hakuuliza ukurasa ule umetoka wapi.

Tulitengeneza mia mbili. Mengi yaliuzwa na duka la vifaa vya ofisi la kwenye kona, machache na kinyozi, na kufikia katikati ya Januari hatukuwa na hata moja. Nilidhani wifi atacheza. Badala yake alianza kukosa raha. Kuuza si kitu, alisema. Hata zile thelathini na moja ziliuzwa. Alichotaka kujua ni kama kuna mtu atauvuka mwezi wa tatu. Na hakuwa na njia ya kujua, kwa sababu wanunuzi hakuwafahamu. Mwenye duka alisema watu walikuja, wakanunua, basi, yeye si mchungaji wao.

Waliobaki wa kuulizwa ni sisi. Kaka aliandika mpaka tarehe ishirini na tatu Januari. Mimi nilifika tarehe kumi na moja mwezi wa pili, na siku hiyo nilichoandika ni "nunua uzi". Jirani yetu wa kushoto alikuwa ameweka la kwake chini ya mguu wa meza inayoyumba. Kinyozi alisema analitumia sana, lakini alipoombwa alionyeshe akasema liko nyumbani, na alipoulizwa nyumbani sehemu gani akaanza kunoa wembe ambao tayari ulikuwa mkali.

Mwezi wa tatu ukapita, wa nne, wa tano. Simu ya wifi haikulia kwa ajili ya daftari hata mara moja, si kwa sifa si kwa lawama. Mapema mwezi wa sita ikalia kwa jambo lingine. Alikuwa daktari wa meno. Kompyuta inapanga miadi vizuri, alisema, lakini watu wanaogopa, wanakaa kwenye benchi dakika kumi halafu wanatoroka na meno yao. Alimwomba arudi. Angemsubiri mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angechukua mtu mwingine.

Na mpiga chapa naye alitaka jibu mwisho wa mwezi huo huo, maana karatasi ya kazi za mwaka unaofuata anaiagiza mara moja, tarehe mosi mwezi wa saba, kwa wateja wake wote. Kwa hiyo wifi alikuwa na milango miwili na siku moja. Aliniambia wazi alichoamua. Akipata watu kumi, kumi tu, wanaoandika bado, atatengeneza mengine. Asipowapata, atarudi kukaa kwenye dawati lake, kwa sababu haoni maana ya kuongeza vitabu vya kufia droo za watu. Nilimwambia kumi ni wengi mno, aseme watatu. Akauliza kwa nini watatu. Nilikuwa namwonea huruma tu.

Ilipofika Jumatatu ya mwisho wa mwezi hakuwa amempata hata mmoja. Karibu na adhuhuri nilimkuta anapiga pasi sketi yake nyeusi ya kliniki. Hakuuliza chochote, na mimi niliinamia cherehani ili asinione uso. Niliumia. Miaka ishirini na moja nimekuwa nikimwomba anyamaze, na siku aliponyamaza niliona nyumba haina watu.

Ilikuwa kama saa sita mchana simu ilipolia. Namba ngeni. Aliiweka kwa sauti ya nje, kama kawaida yake, kwa sababu mikono ilikuwa na pasi. Alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito na haraka zake. Alijitambulisha kuwa anakodisha viti na mahema ya shughuli, akauliza kama huyu ndiye mwenye daftari la jalada la maua. Wifi akasema ndiye.

"Sasa mama, kesho iko wapi?"

Wifi alinitazama. Yule mama akaendelea: ana viti mia vinavyotoka kesho Jumanne, amefungua aandike, na hapa baada ya leo inakuja Jumatano tarehe mosi. Ametafuta, amelamba kidole, amepekua mbele na nyuma. Kesho hakuna.

Nilikimbilia kopi yangu. Jumatatu, tarehe ishirini na tisa mwezi wa sita. Nikatazama ukurasa wa pembeni yake. Jumatano, tarehe mosi mwezi wa saba. Zilikuwa kurasa mbili zinazotazamana, zimechapwa vizuri, zimenyooka, na katikati hamna kitu. Mwezi wa sita ulikuwa wangu. Ulikuwa na alama yangu ya vyema kila ukurasa, na redio yangu juu yake.

Wifi aliomba radhi kwa yule mama, akaahidi kumletea ukurasa wake, akakata. Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani na kujishika kichwa. "Mtengeneza kalenda aliyepoteza siku," alisema. Nikamwambia kosa ni langu, nilisahihisha huku nasikiliza mchezo. Akasema siyo, mwandishi ni yeye, na pale mwishoni ulibaki ukurasa mtupu unaompigia kelele, naye alikuwa anachagua utepe. Tulikuwa tunagombea lawama hivyo pale simu ilipolia tena. Dereva wa basi la shule. Kesho ana zamu, haioni. Tukamwomba radhi. Haijatulia, ikalia: muuguzi mmoja, mpole, anasema labda la kwake tu ndilo bovu. Kisha mwanafunzi wa ualimu, aliyetucheka. Kisha mzee mmoja aliyefoka kwa dakika nne kuhusu mafundi wa siku hizi. Kila simu wifi alizidi kuinama. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumfariji, na katika kuyatafuta ndipo nilipoliona lile jambo, nikapigwa na butwaa kwamba yeye, mwenye macho, hajaliona.

"Wifi," nilimwambia, "hawa watu wako mwezi wa sita."

Alinyanyua uso taratibu.

"Wote hawa wamefika leo. Wamefungua ukurasa wa leo, wakataka wa kesho."

Pasi ilikuwa bado inawaka, na sketi ilikuwa imeanza kutoa harufu. Hakuijali. Alichukua chaki yangu ya kuchorea nguo, akaandika juu ya meza: mama wa viti, dereva, muuguzi, mwanafunzi, mzee. Watano. Halafu akaiweka simu katikati ya meza, akakaa mbele yake na mikono mapajani, akiisubiri itulaumu. Na ikatulaumu. Wa sita alikuwa fundi umeme, wa saba dada wa maktaba. Wa nane alituita wezi wa siku za watu, na wifi alimshukuru kwa machozi mpaka yule bwana akachanganyikiwa na kuanza kumtuliza. Wa tisa alikuwa kinyozi. Nilimwomba msamaha kinyozi moyoni, na nusu saa baadaye akaja wa kumi, mama mwenye mtoto mchanga analia nyuma, anataka tu kujua tarehe ya chanjo aiandike wapi. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote.

Lakini hebu fikiria: wifi yangu na furaha yake yote, bado kitu kimoja kilikuwa kinamla. Kwa nini siku ile? Mkono wake uliandika siku mia tatu sitini na nne bila kukosea. Ungeweza kuruka Februari, ungeweza kurudia Ijumaa. Kwa nini tarehe thelathini mwezi wa sita, na siku ya wiki nayo ikarukwa vilevile, kwa usahihi namna ile? Alilisema mara tatu. Nilimwambia aache, Mungu ametusaidia.

Saa kumi jioni ikalia simu ya kumi na moja. Alikuwa daktari wa meno, anataka jibu lake. Alikuwa mchangamfu, alishachukulia kwamba limekwisha.

"Basi utaanza Jumatano," alisema. "Maana kesho si unajua, tumefunga, tunahesabu vifaa."

Wifi aliisogelea simu. "Kesho mmefunga?"

"Kila tarehe thelathini mwezi wa sita. Umesahau? Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unairuka kwenye kitabu."

Nilimwona akifumba macho. Miaka kumi na tisa, kila mwisho wa mwaka, rula kushoto na chai kulia, alikuwa akifika ishirini na tisa, anairuka siku ambayo hakuna mgonjwa, anaandika mosi. Hakuna aliyeuambia mkono wake kwamba kazi ile imekwisha. Alikuwa amekaa mezani kwangu akidhani anatengeneza mwaka wa watu, kumbe anatengeneza mwaka wa kliniki. Wala hakukasirika. Nilitegemea atakasirika, mimi nilikuwa nimeshakasirika kwa niaba yake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata jibu.

"Daktari," alisema, "nilidhani nimekutengenezea vitabu kumi na tisa. Kumbe ni ishirini. Cha ishirini nilikiuza kwa watu mia mbili bila kujua." "Kinachofuata ni changu. Sitarudi."

Daktari akauliza, kwa unyonge wa kweli, sasa wagonjwa wake atawatuliza nani. Wifi alimshauri awaulize maswali.

Tulikwenda upesi upesi kwa mpiga chapa, tukaingia kiubavu kabla hajafunga. Alisikiliza habari yote, akawasha mashine. Alichapa kurasa mia mbili za Jumanne, tarehe thelathini, asubuhi, mchana, jioni, na chini yake wifi aliomba ziongezwe herufi ndogo: *Siku hii niliipoteza mimi. Samahani.* Mzee akakata mwenyewe, akafunga kwa kamba, kisha akaandika kwenye karatasi yake ya kuagizia, bila kumuuliza, jina la wifi na idadi mara mbili ya mwaka uliopita.

Asubuhi saa moja kasoro tulikuwa kwenye uwanja wa mama wa viti, sisi wawili, na gundi na fungu la Jumanne. Viti vilipangwa kwenda juu mpaka kivuli chake kilifunika njia. Mwenyewe alikuwa jitu la mama, kanga kiunoni, kalamu nyuma ya sikio, na viganja vyake vilikuwa vimejaa wino kwa sababu kazi za siku hiyo alilazimika kuziandika mkononi. Alituletea daftari. Nililishona mimi, lakini sikulitambua. Lilikuwa limevimba, pembe zimelika, stakabadhi zimechomoza, utepe umekatika na kufungwa fundo.

Wifi alilipokea kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni. Alisema hatasoma, anabandika tu. Yule mama akamwambia asome akitaka, humo ni viti. Basi akafungua, naye akaenda moja kwa moja pale nilipojua atakwenda, mwezi wa tatu. Tarehe saba, imejaa. Nane, tisa, kumi, zimejaa. Kisha ukurasa mweupe, na mwingine, na mwingine, siku kumi na mbili nzima bila herufi. Halafu Jumatatu, mwandiko ule ule mnene: viti arobaini, hema moja.

Wifi aliweka kidole juu ya zile kurasa nyeupe. "Hapa ulikuwa wapi?"

"Nilimzika mama," alisema mwenye viti. "Kisha nikarudi."

Wifi alipaka gundi kwenye ukingo wa karatasi, taratibu, akaiingiza kati ya Jumatatu na Jumatano na kuibana kwa kidole gumba mpaka mwisho. Nilimwonea fahari. Yule mama alilivuta daftari lake, akatoa kalamu nyuma ya sikio, akatazama kiganja na kuanza kunakili, viti mia, meza kumi, saa tatu, kabla gundi haijakauka. Kisha akatuomba tusogee pembeni, gari la mzigo linaingia.